Bifu lilitusitiri, karatasi ilituumbua

Wiki tatu zilizopita kijana mmoja wa Tandika aliingia dukani kwangu Temeke, jirani na mahakama, akitaka kopi ya mkataba wa lebo. Kurasa 14, zote kwa Kiingereza. Mashine ikitema karatasi, yeye alikuwa ananisogezea simu nione: msanii wa lebo pinzani amemchana bosi mtarajiwa wa kijana huyu, mashabiki wamegawanyika, matusi yanamiminika.

"Anko, bifu limeshapamba moto hata kalamu sijashika," akasema, uso umemchanua.

Nikamuuliza ukurasa wa tisa unasemaje. Akacheka. "Anko, hayo si ya wanasheria?"

Mimi si mwanasheria. Nachapa viapo, mikataba ya kupangisha vyumba na barua za kuomba kazi. Lakini kabla ya kuchapa karatasi za watu nilikuwa rapa. Usihangaike kutafuta jina langu, hutaliona kwenye kaseti yoyote, na sababu ya kutoliona ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu leo.

Sisi tuliokua Dar es Salaam miaka ya 1990 tulilelewa na bifu la watu wa mbali. Kila saluni ya kiume ilikuwa na picha ya marapa wa Marekani, Tupac au Biggie, ukutani, na mchoraji akikosea pua, mteja alihama. Tuligombana darasani juu ya lebo zao, Death Row ya Los Angeles na Bad Boy ya New York kana kwamba tuna hisa huko. Nyumbani nako tukajigawa. Upanga wakaibuka East Coast Team ya akina Crazy GK, AY na Mwana FA, jina wamelichukua kulekule Marekani. Huku kwetu Temeke kulikuwa na TMK Wanaume wa Juma Nature na wenzake. Ushuani na uswahilini. Ukipita Upanga na fulana ya TMK uliangaliwa juu mpaka chini, na wao wakija Temeke ilikuwa vilevile.

Kundi letu lilikuwa la watu watatu. Hatukuwa wa kambi yoyote kubwa, ila tulikaa Temeke, basi tukajihesabu tuko vitani. Mwaka 2003 tulikuwa tumesharekodi nyimbo nane. Fedha ya studio tulikopa kwa shangazi yangu, aliyekuwa anauza vitumbua Tandika: shilingi 240,000, kidogokidogo, kila mara akiandika kwenye daftari lake la mikopo.

Demo ikamfikia msambazaji mmoja wa Kariakoo. Zama zile msambazaji ndiye aliyekuwa mlango. Unaweza kupigwa redioni asubuhi mpaka usiku, kama hakuna mwenye mashine ya kurudufu kaseti na gari la kuzipeleka Mwanza na Mbeya, wewe ni maarufu wa bure. Alituita, akatuagizia soda, akatuambia anaipenda kazi. Alitaja shilingi milioni mbili za kuanzia, na chetu kidogo kwa kila kaseti. Tulitoka pale tukatembea kwa miguu mpaka Temeke bila kuhisi jua.

Swali lake lilikuwa moja tu: masta, yaani rekodi halisi, ni ya nani?

Tukarudi studio. Prodyuza akasema nyimbo mbili hatujamaliza kuzilipia, kwa hiyo masta haitoki, na hata ikitoka biti ni zake. Mwenzetu mmoja akasema viitikio vyote ametunga yeye, anataka nusu. Mwingine akasema jina la kundi alilileta yeye. Shangazi, aliposikia kuna milioni mbili, akasema kwa upole kwamba aliyelipa ndiye mwenye mali. Kila mmoja alikuwa na hoja, na hakuna aliyekuwa na karatasi. Msambazaji akatupa wiki. Wiki ikawa mwezi. Mwezi wa pili tukasikia fedha yake ameiweka kwa kundi lingine, tena la upande ule tuliokuwa tunauchana.

Hapo ndipo bifu lilipotuokoa. Tulirudi kijiweni na habari iliyokwisha kupikwa: "Wametubania." Kila mtu akaelewa. Hakuna aliyeuliza masta iko wapi. Tulipewa pole, tukapewa heshima, hata mistari ya kulalamika ikazaliwa. Mimi nimeisimulia hadithi hiyo kwa miaka 20, kwenye misiba na kwenye harusi, mpaka nikaanza kuiamini. Leo naikana hadharani. Hakuna aliyetubania. Mkataba wetu ulikufa kwa sababu watu wanne walikuwa wanadai mali moja na hakuna aliyekuwa ameandika mstari.

Kwa hiyo ninapoona magazeti na redio zetu zinavyoshangilia ugomvi wa lebo, nauona kama pazia lile lile lililotusitiri sisi. Nyuma yake kuna maswali ya kawaida kabisa: nani mwenye rekodi, kwa muda gani, na gharama zinakatwa wapi.

Hata wale tuliowaiga walikuwa hivyo. Sisi tulimjua Tupac wa hasira na bandana. Hatukujua kwamba alifika Death Row akiwa mfungwa, mwaka 1995, katika gereza la Clinton jimbo la New York, dhamana yake ni dola milioni 1.4 na yeye hana. Suge Knight, bosi wa lebo hiyo, alimfuata na makubaliano ya kurasa chache yaliyoandikwa kwa mkono. Akasaini, akatoka, akatakiwa kutoa albamu tatu. Februari 1996 akatoa albamu mbili kwa mpigo ndani ya *All Eyez on Me*. Sisi tulisema huyu jamaa ana moto. Leo, nikiwa mchapa mikataba, naona pia mtu anayelipa deni haraka ili aondoke.

Septemba mwaka huohuo watu wa Death Row walifika New York, nyumbani kwa mahasimu wao, wakatangaza kwamba watafungua tawi huko, Death Row East, na kuchukua marapa wa hapohapo. Siku chache baadaye, tarehe 7, Tupac akapigwa risasi Las Vegas, akafa tarehe 13. Machi 1997 Biggie naye akauawa Los Angeles. Death Row East haikufunguliwa. Wakongwe waliokuwa wanatajwa kwamba watasaini hawakutoa kitu chini ya jina hilo. Ule ndio mkataba mkubwa wa bifu lile, na haukuwahi kuwepo.

Na baada ya mazishi? Death Row ikafilisika mwaka 2006. Rekodi na jina vikapita mikono ya watu ambao hawakuwahi kutukanana na yeyote, mpaka mwaka 2022 Snoop Dogg, aliyewahi kuwa msanii wa lebo hiyo na kuikimbia, alipolinunua jina. Waliogombana wamekufa au wamefungwa. Karatasi bado zinauzwa.

Tusiende mbali. Msanii wetu Harmonize alipoondoka lebo ya WCB mwaka 2019, nchi nzima ilizungumza nani kamnunia nani, nani hakumpigia nani simu. Lakini yeye mwenyewe alisema jambo zito kuliko yote hayo: kwamba kuondoka na jina lake na nyimbo zake kulimtaka alipe shilingi milioni 500, mpaka akauza nyumba zake. Sisemi aliyemdai alikosea. Kama kilikuwa kwenye mkataba, kilikuwa kwenye mkataba. Nasema sisi tulipaswa kukijadili kifungu hicho wiki nzima. Tulikijadili jioni moja, kisha tukarudi kwenye mafumbo ya Instagram.

Na wale vijana wa Upanga tuliowachana? Mwana FA na AY waliona nyimbo zao zinatumika kama milio ya simu bila ruhusa yao. Hawakutunga wimbo wa matusi. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala ikaamuru kampuni ya simu iwalipe shilingi bilioni 2.16. Kesi ikaendelea kupanda ngazi za rufaa, lakini siku ile ya hukumu nilikuwa dukani nachapa kiapo cha mtu, redio inasoma habari, na mikono ikasimama. Kwa miaka nilikuwa nimewahesabu kuwa ndio walionibania. Kumbe tofauti yetu ilikuwa kwamba wao waliweza kuonyesha kuwa kazi ni yao.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa majigambo ni damu ya muziki huu, na pwani yetu imejibizana tangu zamani. Kweli kabisa. Babu zetu walikuwa na ngoma ya beni, Marini upande huu na Arinoti upande ule, wakitambiana kwa sare na matarumbeta hapahapa Dar es Salaam. Tanga walikuwa na Black Star na Lucky Star, na mapenzi ya taarabu yakagawa mitaa. Mimi mwenyewe bado nikisikia mstari wa kuchana uliokaa sawa, nasimamisha kazi. Lakini beni vilikuwa vyama vya wanachama. Aliyetamba alitambia cha kwake. Kijana wa leo anatukana kwa niaba ya kampuni ambayo kesho itamdai jina lake la kisanii.

Nirudi kwa yule wa Tandika. Nilimsimamisha, nikamtafsiria ukurasa wa tisa. Unasema mapato yatagawanywa asilimia 70 kwa lebo na 30 kwa msanii, na gharama zote za kurekodi, video na matangazo zitakatwa kwenye fungu la msanii. Nikachukua karatasi iliyoharibika, tukapiga hesabu nyuma yake. Wimbo ukiingiza milioni 10, lebo inachukua saba. Yeye ana tatu. Video imegharimu milioni tano. Tatu toa tano.

"Nadaiwa mbili?"

"Unadaiwa mbili. Na lebo imeshaweka saba mfukoni."

Alikaa kwenye benchi. Ukurasa wa 11 ukamwambia rekodi zitakuwa mali ya lebo milele. Wa 12, kwamba jina lake na akaunti yake ya YouTube navyo ni vya lebo. Akaniuliza kama neno lile la Kiingereza lina maana nyingine zaidi ya milele. Nikamwambia halina.

Simlaumu mwenye lebo moja kwa moja. Anaweka fedha kwa vijana kumi, pengine mmoja tu ndiye anayetoka, na lazima arudishe mtaji. Ana haki ya kujilinda. Ninachodai ni vitu vitatu ambavyo havimfilisi mtu. Kwanza, mkataba wa msanii uandikwe kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Haiingii akilini kijana ashtakiwe kwa lugha anayoijua kwa kosa la kuvunja ahadi aliyoitoa kwa lugha asiyoijua. BASATA na COSOTA, wasimamizi wa sanaa na hakimiliki, watoe mfano wa mkataba wa kurasa chache, ubandikwe kila studio. Pili, umiliki wa rekodi uwe na mwisho wenye tarehe, na gharama zikatwe kwenye mapato yote kabla ya kugawana. Tatu, nyie wa magazeti na redio, kila mnapomleta msanii kuzungumzia bifu, mumuulize swali lile la Kariakoo: masta ni ya nani? Akishindwa kujibu, hiyo ndiyo habari.

Na nyie mnaoanza, watatu watatu ghetoni, msisubiri lebo. Chukueni karatasi usiku huohuo wimbo unapozaliwa. Andikeni nani katunga, nani katengeneza biti, nani kalipa, kila mmoja asaini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tuliifanya kuwa kweli.

Shangazi alifariki mwaka 2015. Kwenye sanduku lake la kanga tulikuta daftari, kurasa zina madoa ya mafuta ya vitumbua. Majina ya wadaiwa wake yote yamekatwa kwa mstari, isipokuwa langu: shilingi 240,000, na tarehe za kila mara aliponipa. Katika habari nzima ya mkataba wetu, ile ndiyo karatasi pekee iliyowahi kuandikwa, na kila herufi yake ni ya kweli.

Yule kijana hakusaini siku ile. Aliondoka na kopi zake na ile karatasi ya hesabu, akasema anakwenda kuomba ukurasa wa tisa ubadilishwe. Sijui watamjibu nini. Kopi nilimtoza shilingi 1,400, nikamwandikia risiti.