Askari na Magazeti ya Katuni: Tuyahifadhi, Tuyasome

Mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumza juu ya nidhamu ya kazi. Leo tumeona inafaa tuzungumze juu ya nidhamu ya mapumziko, maana tabia ya askari haijulikani awapo zamu tu, bali hujulikana pia saa ile anapovua mkanda wake na kukaa kivulini akiwa hana la kufanya. Wapo wanaoitumia saa hiyo katika mpira, wapo wanaolima bustani, na wapo, kwa bahati mbaya, wanaoimimina chupani. Sisi ni miongoni mwa wachache hapa Arua waliochagua jambo jingine: kutafuta, kununua, kubadilishana na kutunza magazeti ya katuni na vitabu vya hadithi za picha, hasa vile vya Kiswahili vilivyochapwa miaka mingi iliyopita.

Tunajua kuna wasomaji watakaocheka. Watasema kwamba katuni ni mambo ya watoto, na kwamba si heshima kwa mtu mwenye cheo begani kuhangaika na picha za watu wenye pua ndefu. Ndugu hao hatuwalaumu, kwani hata sisi tulipokuwa chuoni tukisomea ukadeti tuliambiwa tusome ramani na vitabu vya vita, wala hakuna aliyetutajia Ndumilakuwili. Tunaomba tu watusikilize mpaka mwisho, kisha waamue wenyewe.

Kwanza tukumbushane vitu hivi ni vitu gani. Nchini Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu, ambaye aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Nchini Tanzania, Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru; na katika miaka ya 1970 likatokea gazeti la Sani, ambalo jina lake lilitokana na majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo ndimo walimoishi kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na mtoto mtundu Madenge, na humo ndimo alimong'ara mchoraji Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Vijana wa miaka ya 1960 walikuwa wakimsoma Lance Spearman, mpelelezi wa kofia na tai ya kipepeo, katika African Film, gazeti la Kiingereza lililosimulia kwa picha za kamera badala ya michoro. Askari polisi wa leo akimsoma Spear atafurahi sana, ingawa huenda akajiuliza ni lini bwana huyo aliwahi kuomba hati ya upekuzi kabla ya kuvunja mlango.

Wala Uganda haikukaa kando. Mwananchi mwenzetu James Tumusiime ndiye aliyembuni Bogi Benda, kisha mwaka 1988 akaanzisha shirika la uchapaji vitabu la Fountain Publishers mjini Kampala. Na upande wa pili wa mpaka wetu, katika mji wa Kisangani, alizaliwa mwaka 1959 Barly Baruti, mchoraji wa Kongo ambaye vitabu vyake vimesomwa hadi Ulaya. Kwa hiyo mtu wa Arua anayekusanya hadithi za picha hakusanyi mambo ya kigeni. Anakusanya kazi za majirani zake.

Sasa jiulizeni: ziko wapi nakala za magazeti hayo? Yalichapwa kwa karatasi hafifu, yakauzwa kwa bei ndogo, yakasomwa na watu kumi kwa zamu, kisha yakaishia sokoni. Sisi wenyewe tulipata kununua karanga katika soko la Arua, tukapewa ndani ya karatasi yenye kichwa cha Ndumilakuwili. Kiwiliwili chake kilikuwa kimekwisha kwenda na mteja wa mbele yetu. Hayo ndiyo maisha ya gazeti popote duniani.

Lakini hapa West Nile kuna sababu nyingine, nayo haichekeshi. Baada ya vita vya mwaka 1979, na hasa katika mapigano ya mwaka 1980 na 1981, wakazi wengi wa Arua na Koboko walikimbilia Zaire na Sudan. Nyumba zilichomwa na mali ikaporwa. Mtu akimbiaye na mtoto mgongoni habebi magazeti. Ndiyo maana karatasi yoyote ya kabla ya mwaka 1979 iliyosalia katika nyumba ya mtu wa hapa ni kitu kilichopita kwenye tundu la sindano.

Wakusanyaji wa nchi tajiri waliligundua jambo hili zamani. Mwaka 1938 huko Marekani lilitoka toleo la kwanza la Action Comics, ambamo Superman alionekana kwa mara ya kwanza. Bei yake ilikuwa senti 10. Watoto walilisoma, mama zao wakalitupa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi kuukuu zikakusanywa kwa ajili ya mahitaji ya vita. Yakadiriwa kwamba leo zimebaki takriban nakala 100 tu. Mwaka 2014 nakala moja iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 3.2, na mwaka 2024 nyingine ikauzwa kwa dola milioni 6. Kilichoipandisha bei hiyo ni uchache, na uchache huo ulizaliwa na dharau.

Hata hivyo tusidanganyane. Hakuna tajiri anayemsubiri askari wa Arua na dola milioni kwa ajili ya Sani. Mwenye kuanza kazi hii akitafuta utajiri ataiacha kabla ya mshahara wa pili. Biashara yake ni ndogo, ya watu wanaofahamiana kwa simu, na nguzo yake ni uaminifu. Huko Marekani yako makampuni yanayopima hali ya kila kitabu kwa kipimo kinachoanzia 0.5 hadi 10, kisha hukifunga ndani ya plastiki ngumu. Sisi hatuna mpimaji. Tuna neno la muuzaji tu.

Na neno hilo limepata kutuponza. Tulinunua kwa simu fungu la magazeti kumi kutoka kwa muuzaji wa mji mmoja wa nchi jirani. Alituletea picha za majalada, nasi tukamtumia fedha siku ile ile, kwa pupa. Mzigo ulisafiri kwa basi ukiwa ndani ya gunia, ukavuka Karuma, ukavuka daraja la Pakwach, ukafika Arua umelowa. Manne yalikuwa yameshikana kama chapati, na mawili hayakuwa na kurasa za katikati. Tulipomlalamikia, muuzaji alijibu kwa upole kwamba yeye alituonyesha majalada, na majalada yamefika yote. Hatukuwa na la kusema.

Kutokana na msiba huo tulijifunza yafuatayo, nasi tunayatoa kwa wenzetu bila malipo. Anayenunua na aombe picha ya jalada la mbele, jalada la nyuma, ukurasa wa katikati na pini zake, tena ahesabiwe kurasa kabla ya kutoa fedha. Anayeuza na ataje kasoro kabla hajaulizwa: ukurasa uliochanika, doa la mafuta, jina la mtu lililoandikwa kwa wino. Anayesafirisha na aweke magazeti katikati ya vipande viwili vya kadibodi, ayafunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na aandike juu yake kwa herufi kubwa kwamba mzigo usikunjwe. Mvua ya West Nile haibagui kati ya unga na karatasi.

Utunzaji nao una kanuni zake. Karatasi ya gazeti ina asidi ndani yake, ndiyo maana huwa ya manjano na kuvunjika ikipigwa na jua. Iwekwe gizani, mahali pakavu, ndani ya sanduku lililoinuliwa juu ya matofali ili mchwa wasilifikie kwa urahisi. Palipochanika pasibandikwe utepe wa gundi, maana gundi ikizeeka hula karatasi na kuacha doa lisilotoka. Na kwa kuwa askari huhamishwa, mkusanyaji ajiwekee mpaka wa sanduku moja. Likijaa, auze au atoe zawadi kabla ya kuongeza.

Yapo pia mambo yanayotuhusu sisi tu, watu wa sare. Tusiende kununua magazeti ya zamani tukiwa tumevaa magwanda. Mwenye duka akiona magwanda huteremsha bei kwa hofu, na bei iliyoteremshwa na hofu ni unyang'anyi hata kama risiti imeandikwa. Tusipakie mizigo yetu katika magari ya kazi. Na kijana akituletea rundo la magazeti ya babu yake, kwanza tumuulize kama babu anajua. Askari polisi hawahitaji kufundishwa jina la mnunuzi asiyeuliza swali hilo.

Tumesema ya biashara. Sasa tuseme lililotufanya tuandike. Siku moja tulisafiri kwa barabara ya lami itokayo Vurra hadi Oraba, yenye urefu wa kilometa 92, tukashuka Koboko. Tulikuwa tumesikia kwamba mzee mmoja aliyetumikia jeshi zamani anayo magazeti ya katuni ya miaka ya 1970. Tulimkuta chini ya mwembe. Baada ya salamu na chai alituletea sanduku la bati, na ndani yake, pamoja na vyeti vya shule vya watoto wake, yalikuwamo magazeti manne. Yalikwenda naye Zaire alipokimbia, yakarudi naye. Pembe zake zilikuwa zimelika, na yalikuwa yamefungwa kwa uzi wa kushonea viatu.

Tulimtajia bei nzuri. Akakataa. Tukaipandisha. Mzee akatabasamu, akasema, "Mwanangu, fedha yako nitaila kwa wiki moja. Hawa watoto nitawasomea nini kesho jioni?" Wajukuu wake walikuwa wamekwisha kusogea, kwani walijua sanduku likifunguliwa kuna hadithi. Akawasomea mbele yetu. Walikuwa wakizungumza Kikakwa walipokuja, lakini walicheka kwa Kiswahili, tena walimtangulia babu kuyataja maneno kabla hajayasoma.

Tulirudi Arua mikono mitupu, na njia nzima tuliwaza. Katika nchi yetu Kiswahili kina historia nzito. Kilikuwa lugha ya askari tangu enzi za King's African Rifles. Mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa, lakini wananchi wengi walikwisha kukijua kwa njia nyingine: walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, usiku, kikiwaamuru washuke. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa na kukipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Sheria zimefanya sehemu yake. Lakini hakuna sheria inayoweza kumwamuru mama aliyekiogopa Kiswahili miaka arobaini aanze kukipenda.

Wale watoto wa Koboko hawakuamriwa. Wao Kiswahili wamekijua kama lugha ya babu, ya jioni, na ya kicheko. Na ikiwa sisi wenye sare ndio tulioifanya lugha hii iogopwe, basi haki ni sisi tuwe wa kwanza kuirudisha kwa wananchi ikiwa na uso wa kucheka. Katika kazi hiyo gazeti la katuni lina uwezo ambao amri haina.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Kila kantini ya kambi na kila kituo kikubwa cha polisi katika Arua na Koboko kiwe na sanduku moja la hadithi za picha za Kiswahili. Kila mkusanyaji atoe nakala zile alizo nazo mbili mbili. Liwepo daftari la kuazima, lenye jina la mwazimaji na tarehe ya kurudisha, nasi tunajua kutunza daftari. Siku ya mapumziko watoto wa kambini na watoto wa majirani waruhusiwe kusoma, na askari mmoja awasomee wadogo. Zichaguliwe hadithi zinazofaa, maana si kila katuni ni ya mtoto. Nakala zilizo adimu mno zipigwe picha kwa simu, ili mwanga wa jua na vidole vyenye mafuta visimalize kilichosalia.

Gharama yake ni ndogo kuliko ya kreti moja ya soda. Wenzetu wa Nairobi walipoanzisha Shujaaz mwaka 2010 waligawa nakala bure kwa vijana, wakaonyesha kwamba hadithi za picha bado zina wasomaji wengi. Sisi hatuombi kiwanda cha uchapaji. Tunaomba kile kilichokwisha chapwa kisifungiwe karanga.

Ama mkusanyaji anayefungia magazeti yake mahali ambapo hakuna mtoto anayeyagusa, tunamshauri kwa heshima apande gari moja aende Koboko. Asichukue fedha. Achukue gazeti moja la ziada, amkabidhi mzee yule, kisha akae chini ya mwembe na wajukuu asikilize.