Anayekula Hongo Alinde Njia

Mzee alifika kwa wakala wa fedha za simu mjini Tabora saa nne asubuhi, akitoka Urambo na basi la alfajiri. Malipo yake ya tumbaku yalikuwa yameingia juzi yake. Akatoa kitochi mfukoni, akasema, "Mwanangu, nitolee laki tatu." Binti wa wakala akambonyezea hadi penye namba ya siri, akamrudishia simu na kugeuza uso pembeni ili mzee aandike mwenyewe. Ujumbe ukaja: salio halitoshi. Wakajaribu tena. Zilikuwa zimebaki shilingi mia nne na arobaini.

Jana yake jioni alipigiwa simu na kijana mwenye sauti ya upole. Laini yako inafungiwa, mzee wangu, usajili haujakamilika, bonyeza ninavyokutajia. Mzee akabonyeza, na mwisho akaweka namba ya siri. "Lakini alinijua," alirudia kumwambia yule binti. "Alinitaja majina yote matatu."

Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, chini ya mwembe. Siku ile nilidhani nimeona wizi wa kawaida. Sasa naamini niliona swali kubwa kuliko yote katika usalama wa mtandao nchini kwetu. Njia ile ya fedha ni ya kampuni, kibali chake kinatoka serikalini, na wote wawili wana fungu lao katika kila muamala. Kwa nini basi hasara ilale kwa mzee peke yake?

Tabora ni mji uliokuzwa na njia. Kati ya Bagamoyo na Ujiji msafara ulipita nchi za watemi wengi, na kila mmoja alidai hongo: doti za merikani na kaniki, shanga, waya. Wagogo walijulikana kwa hongo nzito, kwa sababu nchi yao ni kavu na visima vilikuwa vyao. Wasafiri wa Kizungu walijaza vitabu kwa malalamiko juu ya hongo, na siku hizi neno lenyewe limeshuka hadhi, limekuwa jina la rushwa. Wenye misafara, hata hivyo, walijua wananunua nini. Aliyelipa alipata maji, alipata pa kununulia chakula, alipita kwa amani. Amani ilipokosekana, njia ilikufa. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alipogombana na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Unyanyembe, njia ya moja kwa moja kwenda Ujiji ilifungika, na Stanley, aliyekwenda vitani pamoja na Waarabu wakashindwa, ilimbidi azungukie kusini ndipo amfikie Livingstone.

Leo Tanzania ina akaunti za fedha za simu zaidi ya milioni 60, na mahali pa merikani yamekaa makato. Serikali nayo iliongeza tozo yake ya miamala Julai 2021, watu wakapiga kelele, ikapunguzwa. Mjadala ule wote ulihusu ukubwa wa hongo. Ulinzi tunaoununua kwa hongo hiyo haukuzungumzwa.

Tazama jinsi yule kijana alivyompata mzee. Majina matatu hakuyaiba popote. Ukianza kumtumia mtu hela, kabla hujathibitisha, jina lake hutokea kwenye kioo cha simu yako. Limewekwa hapo ili usikosee namba, na ni utaratibu mzuri, lakini tapeli anauchungulia huohuo, anaghairi muamala, kisha anapiga simu akiwa na jina lako kamili mdomoni. Hapo hahitaji ujuzi wowote wa kompyuta. Anahitaji laini isiyo yake, na hizo zipo. Usajili kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na tangu 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa, kusudi kila namba iwe na mwenyewe. Matapeli wakapita dirishani. Msajili wa mtaani anakwambia kidole hakijasoma, weka tena. Ile mara ya pili inasajili laini nyingine kwa jina lako, nayo inauzwa. Mwenye mtandao, aliyemkabidhi msajili yule mashine, amepata mteja mpya.

Linganisha na yaliyotokea Uganda Oktoba 2020. Wezi waliingia katika mfumo wa Pegasus Technologies, kampuni iliyounganisha miamala ya fedha kati ya benki na mitandao ya simu. Huduma hizo zilisimamishwa, na MTN, Airtel na benki ya Stanbic wakatoa tamko la pamoja kwamba masalio ya wateja yako salama. Mlango uliovunjwa ulikuwa wa kampuni, kwa hiyo hakuna mkulima aliyeambiwa abebe. Unapovunjwa mlango wa mkulima, anaambiwa alikuwa mzembe.

Vita vya mataifa mengine navyo vinafika kwenye mlango huohuo. Julai 2023, miezi mitatu baada ya vita kuanza Khartoum, kundi lililojiita Anonymous Sudan lilishambulia mfumo wa eCitizen wa Kenya likidai Kenya inaingilia mambo ya Sudan. Hawakuvunja kufuli. Walituma maombi ya uongo kwa wingi mno, kama watu elfu waliosukumana kwenye kisima kimoja hadi mwenye kiu asifike. Zaidi ya huduma 5,000 za serikali zilitegemea mfumo huo. Watu walikwama hata kununua umeme. Waliokumbuka LUKU, mfumo wetu wa kununua umeme, ilipogoma Mei 2021, na foleni kwenye ofisi za TANESCO, hawakuhitaji kuelezwa. Risasi zinalia Khartoum, mtu wa Nairobi analala gizani, na hakuna aliyemwambia kwamba yeye ni sehemu ya uwanja wa mapambano.

Uingereza imekwisha kuchagua. Tangu 7 Oktoba 2024, mtu aliyelaghaiwa kutuma fedha kwa tapeli hurudishiwa na benki yake, hadi pauni 85,000, na gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na ile iliyopokea. Hiyo nusu ya pili ndiyo inayonivutia. Inamlazimu anayempokea mwizi kumjua mteja wake.

Kampuni zitasema kwamba watu watalegea, na wengine watapanga njama wadai fidia. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana nataka hasara igawanywe: mteja aliyeripoti mapema arudishiwe sehemu kubwa, mzigo ukae kati ya mtandao uliotuma na uliopokea, na uliomsajilia tapeli laini kwa kidole cha mtu mwingine ubebe wote. Siku fedha zao zitakapohusika, nina hakika watagundua kwamba muamala unaokomba salio zima kwenda namba mpya unaweza kusubiri saa chache.

Sheria tunazo. Ya Makosa ya Mtandao, ya 2015, inagusa wizi na udanganyifu, ila imejulikana zaidi kwa kifungu cha 16 cha taarifa za uongo, chenye faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Nguvu nyingi zimekwenda kwenye maneno ya wapita njia. Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye X ilidukuliwa, na mtandao wote wa X ukafungwa nchini. Siku ya uchaguzi, 29 Oktoba, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Kufunga njia hakukumrudishia mtu yeyote mzigo ulioporwa, na mtemi aliyeifunga hakuwa na haki ya kudai hongo siku hiyo.

Wiki mbili baadaye nilimkuta mzee palepale kwa wakala. Alikuwa amepewa na polisi karatasi ya namba ya taarifa, imekunjwa ndani ya kitambulisho. Binti akambonyezea *106# aone laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Mzee ana laini moja maishani. Zikatokea tatu. Akaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu, kama hizo nyingine mbili nazo zimemwibia mtu, na kama huyo mtu, wakimtafuta mwizi, watakuja Urambo.

Sikuwa na jibu la kumpa. Binti alimwelekeza duka la kampuni, mtaa wa pili, aende na kidole chake.