Kamera inaona macho, haione masaa

Ndugu zetu wa ku mine, na ninyi mama munaowangojea ku nyumba: mu kamyo kubwa siku hizi kuko kamera ndogo mbele ya shofere. Inaangalia macho yake. Akisinzia, inalia, na picha inakwenda ku biro.

Hatuikatae. Usingizi ku volani unaua, na tumekwisha kuzika watu juu ya ile. Lakini kamera inaona paka macho: haione kama ni usiku wa ngapi wa kazi, masaa ngapi bila kupumzika. Njo maana shofere anapewa barua ya kujieleza, na ule aliyepanga zile usiku hapana.

Mwaka 1975, kamera ya kwanza ya numeriki, ya Kodak kule Marekani, ilihitaji sekunde 23 kuandika picha moja ku kaseti. Leo inasoma uso wa mutu mara moja. Na batri za telefone na kamera nyingi ziko na kobalti, ile tunayotosha sisi wenyewe!

Basi tunataka iandikwe mu konvansio: picha yoyote ionyeshwe kwanza kwa delege wa sendika, mbele ya azabu. Na siku ya aksida, picha isipotee. Ile ya kuazibu haijapotea hata mara moja.