Nabii akikutajia siku ya kurudi nyumbani, fungua Biblia

Jamaa zetu waliokimbia vita Masisi na Rutshuru wanauliza jambo moja: tutarudi lini? Ndiyo maana nabii anayetaja tarehe, kisha akaomba sadaka, anapata watu upesi.

Jambo hili si geni. Katika Yeremia 28, Hanania alitabiri kwamba waliohamishwa Babeli watarudi kabla ya miaka 2 kwisha. Sura ya 29, Yeremia akawaandikia kuwa ni miaka 70: wajenge, walime, waoze watoto wao. Neno la Yeremia ndilo lilikuwa la kweli, ingawa lilikuwa chungu.

Asiyeijua Biblia atamtofautishaje Hanania na Yeremia? Waberoya walichunguza Maandiko hata alipohubiri Paulo. Basi tuulize bila haya: imeandikwa wapi? Asiyejua kusoma, mtoto wake amsomee jioni.