VUMBI LA TAJIRI LISILIPWE NA DEREVA



Malalamiko ya namna moja yametufikia kutoka kwa madereva na mafundi wa malori ya dizeli. Tajiri huleta lori gereji na kuamuru lile sanduku la hewa lililotoka nalo kiwandani ling'olewe. Mahali pake hufungwa filta ya dukani, ya kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, imekaa wazi juu ya paipu kama kofia. Tajiri husema, "Sasa gari itapumua, nguvu itaongezeka, na filta hii ni ya kuosha tu, hainunuliwi tena." Miezi ikipita injini huanza kula oili. Hapo dereva huitwa ofisini aulizwe ameifanyia nini gari.

Sisi twasema mwenye kuamuru ndiye mwenye kujibu. Lakini ili tusiseme maneno matupu, kwanza yafaa kila mwanachama ajue sanduku lile lina kazi gani.

Injini ya lita 6 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika hunywa lita 6,000 za hewa kila dakika, kwa kuwa kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili. Kwa saa moja ni lita 360,000. Ikiwa ina tabo, hunywa zaidi. Sasa fikirini hewa yote hiyo inavutwa katika machimbo ya mawe, au katika njia ya miwa wakati wa kiangazi, nyuma ya lori jingine linalotimua vumbi.

Waliotengeneza lori walilijua jambo hilo. Ndiyo sababu paipu ya kuvutia hewa imepandishwa juu nyuma ya kichwa cha gari, mbali na vumbi la magurudumu na joto la injini. Katika malori mengi ya kazi ngumu hewa huzungushwa kwanza ndani ya sanduku, vumbi zito likatupwa pembeni na kutoka kwa ule mdomo wa mpira ulio chini. Kisha hewa hupita filta kubwa ya karatasi, na ndani yake ipo filta ndogo ya pili, ya kulinda injini ikiwa ile kubwa imetoboka. Sanduku lile si pambo.

Vumbi la barabara lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Zile ndogo zisizoonekana kwa macho ndizo adui, kwa sababu hupenya katika utando wa oili kati ya ringi na silinda, zikasaga kama tupa. Moshi wa buluu hutoka, pumzi hutoka kwa kifuniko cha oili, nguvu hupungua, na ncha za mapanga ya tabo hulika. Hapo hakuna dawa ila kufungua injini.

Na ile nguvu iliyoahidiwa je? Filta iliyo wazi karibu na injini huvuta hewa ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Ikitoka joto la digrii 30 ikafika 60, karibu sehemu 9 katika 100 za uzito wake zimepotea. Kinachoongezeka kwa hakika ni kelele, na mwenye kukaa na kelele hiyo mchana kutwa ni dereva na taniboi wake.

Hatusemi kwamba kila kitu cha dukani ni kibaya. Filta ya karatasi ya kampuni nyingine, ikiwa ni ya kipimo sawa, inakaa katika sanduku lile lile na kuziba vizuri, haina neno. Tena tuseme ukweli hata ukituuma: wako wenzetu wanaopenda mngurumo huo wakaomba wenyewe. Wako wanaogonga filta ya karatasi kwenye tairi ili itoke vumbi, au kuipuliza kwa upepo mkali wa kompresa mpaka karatasi ikatoboka. Huo ni uharibifu, na chama hakiwezi kuutetea.

Ubaya mkubwa wa vumbi ni kwamba halipigi kelele siku linapoingia. Mwenzetu mmoja wa lori la mawe alikabidhiwa gari likiwa tayari limebadilishwa. Baada ya miezi mitatu injini ilikufa, akaambiwa atakatwa mshahara mpaka ilipwe. Mjumbe wetu aliomba daftari ya gereji. Ikaonekana tarehe ya kung'oa sanduku, na amri ya nani. Sanduku lenyewe lilikuwa stoo, limetiwa misumari ndani. Makato yalisimamishwa. Bila daftari ile, mtu yule angelipa injini ambayo hakuiua.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi, ndugu zetu. Kuendesha gari kama ulivyopewa si makusudi. Na kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kufukuzwa kwa kosa, mfanya kazi aelezwe sababu na asikilizwe, akiwa na mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama pale kazini.

Kwa hivyo twataka mambo haya:

1. Sanduku la hewa lisitolewe ila kwa amri ya maandishi, yenye sahihi ya mwenye kuamuru, na maoni ya fundi yaandikwe hapo hapo.

2. Dereva anapokabidhiwa gari, hali ya filta na mipira yake iandikwe katika daftari, naye abaki na nakala.

3. Dereva akiripoti moshi, kelele mpya au alama nyekundu ya filta, ripoti ipokelewe kwa sahihi.

4. Injini iliyokufa kwa vumbi baada ya badiliko aliloamuru tajiri isikatwe katika mshahara wa mtu yeyote.

Na wewe mwanachama, usitie sahihi karatasi ya kukiri deni kabla ya kumwona mjumbe wako. Kesho asubuhi kabla ya kuwasha, fungua boneti au inua kichwa cha gari, utazame filta yako, uandike ulichoona na tarehe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu wataka kuujenga kwa mshahara wako.