Kiswahili Kina "Ningalijua"

Mwandishi aliyedai kuwa wanafunzi wetu hushindwa sentensi za masharti za Kiingereza kwa sababu Kiswahili hakina namna ya kutaja jambo ambalo lingetokea zamani lakini halikutokea, amekosea. Mkulima wa Maramba akisema, "Mvua ingalinyesha, mahindi yangalistawi," nani hajui kwamba haikunyesha? Edward Steere aliieleza -ngali- katika kitabu chake cha mwaka 1870. Kweli, wengi siku hizi hutosheka na -nge-, lakini -ngali- haijafa. Ugumu uko kwingine: sisi huirudia pande zote mbili, ilhali Kiingereza huweka "had" kwenye sharti na "would have" kwenye tokeo. Ndiyo maana mtoto huandika "would have" mara mbili. Walimu, anzeni na -ngali-.