Shahada ya Kiingereza Haiishii Ubaoni

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mazungumzo sebuleni huwa yaleyale. Kijana aliyesoma tahasusi ya HKL au HGL anasema anataka kuomba shahada ya Kiingereza. Mzazi anauliza: "Halafu ukimaliza? Ualimu tu?" Swali ni la haki. Ada inauma, na mkopo wa Bodi ya Mikopo utalipwa kazi iwepo isiwepo. Tunalolipinga ni hilo neno "tu".

Kwanza, ualimu wenyewe. Ni kazi kubwa, na anayeutaka autake kwa dhati. Lakini asidanganywe. Kwa miaka kadhaa sasa ajira za Serikali zimetanguliza walimu wa sayansi na hisabati, na wengi wa masomo ya sanaa wamebaki wakifundisha tempo katika shule binafsi kwa ujira mdogo. Tena shahada ya lugha au fasihi isiyo na masomo ya ualimu haimfanyi mtu mwalimu. Atahitaji stashahada ya uzamili ya ualimu, mwaka mwingine na ada nyingine. Wapo wanaoligundua hili joho likishavuliwa.

Pili, shahada hii si darasa la kuongea. Anayetaka kunyoosha ulimi kozi fupi inamtosha. Chuoni atakutana na isimu: sauti, maumbo ya maneno, muundo wa sentensi, maana. Atakutana na riwaya, tamthilia na ushairi, na atatakiwa kuandika uhakiki mara kwa mara. Akifanya kazi hiyo sawasawa, miaka mitatu baadaye ataweza kusoma maandishi marefu na magumu, akaona kilichosemwa na kilichofichwa, kisha akaandika hoja ikasimama. Vyumba vya habari, wachapishaji, kampuni za utalii, idara za mawasiliano za benki na mashirika, wote wanamhitaji mtu wa namna hiyo.

Lakini uwanja mpana zaidi, na ambao wanafunzi wetu wanaupita bila kugeuza shingo, uko kati ya Kiingereza na Kiswahili.

Chukua mahakama. Kwa miongo mingi mkulima aliyekata rufaa Mahakama Kuu alieleza shauri lake kwa Kiswahili, likaandikwa kwa Kiingereza, mwisho akakabidhiwa hukumu asiyoweza kuisoma. Ardhi yake imekwenda au imebaki? Ilibidi amuulize mtu. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Lilikuwa jambo jema. Ila vitabu vya sheria vilivyoandikwa kwa Kiingereza tangu enzi za mkoloni havijigeuzi vyenyewe. Vinataka mtu anayejua kwamba "lazima" na "anaweza" katika kifungu kimoja vinaweza kumtofautisha mwenye nyumba na asiye nayo. Mwanasheria peke yake hatoshi hapo. Anahitaji mtu wa lugha pembeni yake.

Februari 2022 Umoja wa Afrika nao ulikipokea Kiswahili kuwa lugha ya kazi. Arusha kuna makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Taasisi za aina hiyo haziwezi kufanya kazi bila wafasiri na wakalimani. Na kabla ya kufika huko, kuna mikataba ya mikopo ambayo wajasiriamali wanatia saini bila kuielewa, na karatasi za maelezo ndani ya pakiti za dawa.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alifundisha fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Kent kwa miaka mingi, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobeli. Riwaya yake Paradise ilitoka 1994. Tafsiri ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilikuja baada ya tuzo. Katika miaka yote hiyo vyuo vyetu vilihitimisha wasomi wa Kiingereza kila Novemba, na kitabu cha mtoto wa nyumbani kikabaki kwa lugha ya ugenini. Hilo linatuuma.

Sababu moja tunaijua. Mwanafunzi akiingia idara ya Kiingereza, Kiswahili anakiacha getini, akikiona ni cha nyumbani na mtaani. Anahitimu akiweza kuhakiki tamthilia kwa kurasa kumi za Kiingereza, lakini umwombe ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu uone anavyohangaika. Mtu huyo amesomea nusu ya kazi.

Vyuo vibadilike. Tafsiri iwe kozi ya lazima katika shahada ya Kiingereza, si ya hiari. Mafunzo kwa vitendo yafanyike pia mahakamani, kwa wachapishaji na magazetini, si katika shule za sekondari peke yake.

Nawe kijana unayesubiri dirisha la udahili, usiangalie jina la programu pekee. Tafuta orodha ya kozi zake, uisome na mzazi wako. Kama hakuna tafsiri wala uandishi ndani yake, ulizia idarani ni kwa nini. Wasipokuwa na jibu, omba chuo kingine.